Mkasi wa Temba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako anaendelea, ila magoti yanamsumbua. Mimi nimechoka tu; joto la Kariakoo na uzee haviivi chungu kimoja.

Unasema rafiki yako hapo chuoni anagawa nguo zake, na unaogopa kwamba ukimuuliza utamtia wazo kichwani.

Ujanani nilishona na Temba kwenye baraza la duka moja hapa. Fundi cherehani haazimishi mkasi wake, na ole wako uukatie karatasi, maana huufanya butu. Kwa wiki kadhaa Temba alikuwa kimya, hagusi chakula. Asubuhi moja akaja mchangamfu, akaniwekea mkasi mezani.

"Chukua, ndugu yangu. Mimi sina kazi nao tena."

Wenzetu walifurahi kwamba amepona. Mimi niliogopa. Nikamuuliza waziwazi, "Temba, unafikiria kujiua?"

Hakukasirika. Alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikakaa naye, kisha tukaenda kwa kaka yake, mtaa wa Gerezani, na wote watatu hospitali. Kupona kulichukua muda, na kulituchosha wote.

Basi muulize leo, kwa maneno hayo hayo. Usimwache peke yake, na umwite matroni. Kisha nipigie, saa yoyote.

Miezi kadhaa baadaye Temba alikuja kuudai mkasi wake. Akaujaribu kwenye kitambaa, akafoka, "Nani kaukatia karatasi?"

Sijawahi kufurahia kufokewa kama siku ile.

Babu yako