Niliyoyaandika Ukutani

Kalerwe, Kampala
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Kama umesimama, tafadhali kaa kwanza, na Zuhura anayekutunza akuletee miwani, maana nakujua, utajifanya unaona vizuri huku unaruka mistari. Nakuuliza hali, Mama, na safari hii usinijibu ile "sijambo" yako ya kuwaridhisha wageni. Nyayo bado zinawaka moto? Kiu je, imepungua? Zuhura aliniambia sasa unashindwa kuitia uzi sindano, nawe ukamkataza asiniambie. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na utaona sababu.

Jambo lenyewe nalitanguliza ili lisije likapotea katikati ya maneno. Ile dawa ya chupa inayoitwa Damu Mpya, aliyokutumia Yusufu katoni nzima, usiinywe tena. Hata kifuniko kimoja usinywe. Rudi kwenye vidonge vyako vya kisukari, leo hii, na kesho Zuhura akupeleke kliniki wakupime. Haya nilikuambia kwa simu, ukanijibu, "Mwanangu, ulichokiandika ukutani kimesomwa na nchi nzima, sasa unataka kukifuta kwa simu? Kama ni kweli, niandikie." Nilikasirika sana. Nilimwambia Yusufu mama yetu ana kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia. Baadaye nikatulia, nikaona ni haki yako kudai, na mtu aliyekufundisha kudai hivyo ni marehemu Baba.

Unakumbuka ule mgahawa wa karibu na stendi? Mwenyewe alitaka aandikiwe "Supu Tamu" juu ya mlango. Baba akaweka brashi chini, akaagiza bakuli, akanywa, akaagiza la pili ili asije akamwonea mtu, akafuta midomo, kisha akaandika "Supu". Basi. Yule bwana alinuna miezi. Ndivyo alivyofanya kazi fundi wa mabango wa Bukoba, hakuandika kitu asichokionja au kukiona kwa macho yake, na mji mzima ulijua. Mimi na Yusufu tulikua tukiamini kwamba neno likishaandikwa kwa mkono wa nyumbani kwetu, ni kama limeapiwa. Yusufu hakujaliwa kuandika. Mwandiko wa Baba ulibaki kwangu, ile D yenye tumbo, ile M iliyochuchumaa, ile y ambayo mkia wake unarudi nyuma kulikumbatia neno lote.

Huku nilikokuja nao, Mama, hakuna anayeonja.

Ukishavuka mpaka Mutukula, nyumba haziwi tena na rangi ya mwenye nyumba. Hii ni ya manjano ya kampuni ya simu, ile nyekundu ya simu nyingine, ile ya buluu ya sabuni, ya kijani ya benki. Kampuni inampakia mtu ukuta bure, naye anashukuru nyumba imependeza, wala hafikirii kwamba wanawe sasa wanalala ndani ya tangazo. Ukimuuliza mtu njia anakwambia ushuke penye duka la manjano, nawe ukiinua macho maduka yote ni ya manjano. Bodaboda wamevaa vizibao vya kampuni. Miavuli ya wauza nyanya hapa Kalerwe ni ya kampuni. Majuzi nilikwenda msibani kwa jirani, nikakuta turubai lote ni la soda, tukamlilia marehemu wa watu chini ya maneno "Burudika Nasi". Wenzangu hawakuyaona. Mimi niliyaona, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na nikajikuta nayakosoa, nikasema moyoni huyu aliyeandika hajui kupanga nafasi. Mwili wa mtu uko mbele yangu, mimi nasahihisha herufi.

Nakiri nilikuwa najivuna. Nikipanda basi nilikaa dirishani nione kuta zangu, nikikuta ukuta wangu nageuka kumtazama abiria wa pembeni kama naye ameuona. Kumbe laiti kila mtu angepita akiwa amelala.

Bosi wetu tunamwita Ssalongo kwa kuwa ni baba wa mapacha. Mtu mcheshi, si mkatili, nisimsingizie. Siku moja alinipa karatasi yenye maneno ya kuandika barabara yote kutoka Mutukula hadi Kampala: "Damu Mpya. Kisukari Kwaheri. Kunywa Leo, Simama Kesho." Nilisita. Nilimuuliza kama ameijaribu dawa hiyo, au kama kuna mgonjwa anayemjua aliyepona. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Fundi, weye kazi yako ni langi," akaniambia. "Maneno ni ya wenyewe. Mimi nikitaka mtu ya kujalibu dawa, nachukua daktari, ssebo, sichukui mtu ya blashi."

Ssebo kwao ni bwana. Nikacheka naye. Ningeweza kuuliza mara ya pili, na sikuuliza. Wewe una kisukari, mdogo wangu Yusufu ana kisukari, na mimi nilipanda ngazi nikaandika "Kisukari Kwaheri" kwa herufi zenye urefu wa mtu. Chupa yenyewe sikuifungua hata kuinusa. Nimekuandikia hivi waziwazi ili usije ukanitafutia udhuru, maana nawe kwa kuwatetea wanao hujambo.

Sasa nikueleze ya Yusufu. Alipokuja kwangu kutafuta biashara, vidonge vyake ulimfungia wewe mwenyewe kwenye kitambaa, ukamwapisha asiache. Alikuja navyo. Lakini njiani, alinieleza baadaye, alianza kuuona mwandiko tangu Kyotera. Akaona Masaka, akaona Lukaya, basi linapunguza mwendo na kila linapopunguza anakuta D yenye tumbo. Aliwaambia abiria, "Huo mkono wa kaka yangu." Alipofika alinikumbatia akanisifu, nami nikadhani anasifu rangi.

Alikaa nami hapa Kalerwe akauza nyanya sokoni. Mimi nikapelekwa kazini kaskazini, Gulu na huko mbele, wiki nyingi. Niliporudi nilimkuta amefunga mguu wa kulia kwa kitambaa. Kandambili ilimchubua kidole, akasema, kidonda kidogo tu. Chumba kilikuwa na harufu ambayo sikuitaja. Chini ya kitanda kulikuwa na chupa tupu za Damu Mpya, zimepangwa vizuri kama alivyokuwa akipanga nyanya zake, na kitambaa chako cha vidonge kilikuwa kimefungwa vilevile, fundo lako halijaguswa.

Nikamuuliza, "Yusufu, mbona hunywi dawa zako?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si uliandika wewe?"

"Niliandika nini?"

"Kaka, ungeandika bila kujua? Wewe mtoto wa Baba? Hata Mama nimempigia picha ya ukuta nikamtumia, akautambua mkono wako, akaniambia nimpelekee na yeye."

Mwenye nyumba wetu, Hajati, mama wa Kinubi ambaye babu yake alikuja na jeshi zamani, ndiye aliyeita gari na kutusukuma ndani, maana mimi nilikuwa nimesimama tu mlangoni.

Mama, hapa nilipofika ndipo tulipokuficha. Tulikuambia kwenye simu kwamba Yusufu amelazwa Mulago kwa kidonda na anaendelea vizuri. Kidonda hakikupona. Sumu ilikuwa imeshapanda na sukari ilikuwa juu mno. Wamemkata mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Ni wiki sita sasa. Tulinyamaza kwa kuogopa presha yako, na mimi niliogopa zaidi utakachoniuliza. Daktari hakunigombeza. Alisema kwa upole tu kwamba kama angeendelea na vidonge vyake na kuja mapema, huenda kidole wangekisafisha akaenda zake nyumbani. Kisha akanipa karatasi ya ruhusa ya kukata, ndugu wa mgonjwa asaini. Nikasaini. Kwa ule mkono wangu mzuri mnaousifu jina halikusomeka, na nesi akaniomba nirudie.

Nilitaka Yusufu anitukane. Hakunitukana. Siku alipoweza kukaa kitandani nilianza kumwomba radhi, akanikatiza: "Acha hayo. Mama anakunywa ile dawa." Tulikuwa tumeshughulika na mguu mpaka tumeisahau katoni. Ndipo nilipotoka uani kukupigia, na wewe ukanijibu vile ulivyonijibu.

Usidhani nimekaa kimya tu. Nilichukua ndoo ya chokaa nikaenda kuufuta ukuta mmoja wa hapa sokoni. Nilikuwa nimefika kwenye neno la pili mwenye duka akatoka mbio, mwanamke wa makamo, kashika ufagio.

"Ssebo, unafanya nini kwa nyumba yangu? Mimi nakaa miaka mingi na ukuta ya udongo, watu wananicheka. Sasa iko smati, weye unataka kunirudisha?"

Nilimweleza habari ya Yusufu. Alinisikiliza, akasema pole sana, akamwombea. Halafu akaninyang'anya brashi. Siku ya pili maneno yalikuwa yamerudi mahali pake, mapya, yanang'aa.

Nikamwendea Ssalongo nikamwambia sitaandika tena neno lile, na nikamuuliza nani kaandika pale dukani, mbona ni mwandiko wangu. Akanipeleka stoo. Mama, wamekata herufi zangu zote kwenye mabati. Wameweka karatasi juu ya ukuta wangu, wakafuata mistari, wakakata kwa mkasi wa bati. Sasa yeyote mwenye kopo la kupulizia anaandika kama Baba. Ssalongo alinionyesha kwa furaha, akidhani nitafurahi. "Ona, sasa hata ukiugua kazi inaendelea." Wenye dawa wanasema watu wanaupenda mkono huo, unaaminika. Wanajiandaa kuvuka mpaka kuja huko kwenu.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Watakuja Bukoba na ngazi na ndoo. Nyumba yetu iko kando ya barabara, wataitamani. Watakuwa na adabu, watakuamkia, watakwambia watapaka ukuta wote bure, nami najua jinsi ukuta ule unavyokukera kwa kubanduka rangi tangu Baba alipofariki. Usiwape. Na ukipita mjini ukaiona ile M iliyochuchumaa ukutani kwa mtu, usiseme huyo ni Idrisa wangu. Ni bati. Waambie na wenzako wa kliniki.

Kazi ile nimeiacha. Naandika majina kwenye ndoo na vibao vya mama lishe, na kila mmoja naonja kwanza chakula chake. Wananicheka, wanasema Mtanzania huyu ana njaa.

Nisalimie mjomba Hamisi muuza kahawa, mwambie asinunue kitu chochote kwa sababu ya mwandiko. Nisalimie shangazi anayefundisha chuoni, na binti zake. Zuhura nampa pole, kwa kuwa amebeba siri ambayo hakuiomba. Usimgombeze, nilimwapisha mimi. Hajati anakusalimu na anasema mwanao Yusufu ni mtu wa subira kuliko mimi, naye hakukosea.

Mimi sikuja. Nikiulizwa nasema ni kazi, lakini wewe ni mama yangu, nikwambie kweli: ni aibu. Sijui nitakutazamaje. Nikishajua unakunywa vidonge na sukari imeshuka, nitakuja, na utanifanya utakavyo.

La mwisho ni hili, nalo naliandika kama tulivyolipanga. Barua hii sikuituma kwa kondakta. Imeletwa na Yusufu. Mfanyabiashara mmoja wa kwetu amesafiri naye akimshika mkono, na Zuhura amewapokea stendi. Yusufu aliniambia hataki umwone kabla hujajua, moyo wako usije ukashtuka. Kwa hiyo Zuhura ameingia peke yake, na Yusufu amekaa ng'ambo ya barabara, barazani kwa fundi cherehani, magongo yake pembeni, anautazama mlango wako. Amekaa hapo muda wote uliokuwa ukisoma.

Nenda ukamfungulie, Mama.

Mwanao,
Idrisa