Tairi Niliyoogopa Kuipanda

Majengo, Pumwani

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Hapa tu wazima. Goti langu linalalamika kama kawaida, na nyanya yako anauliza kama unakula vizuri huko Garissa.

Umeniuliza kama pikipiki yako ya kazini uinunulie tairi mpya, au ile iliyotumika ambayo muuzaji anaapa bado ina nguvu. Ngoja nikwambie jambo ambalo hata mama yako halijui.

Nikiwa kijana niliuza tairi kuukuu. Zilizobaki kipara tulizichonga mistari upya kwa kisu cha moto, tukazipaka rangi ya viatu mpaka zikang'aa. Mpira uliobaki chini ulikuwa mwembamba mno, lakini sote tulifanya hivyo, na mkono wangu ulisifiwa.

Ijumaa moja nilimfungia jirani yetu, Mzee Athumani, tairi ya namna hiyo. Adhana ikaingia. Akawasha pikipiki, akapangusa kiti cha nyuma kwa kanzu yake, akasema, "Panda, twende tukaswali."

Nikamwambia nitatembea.

Akaniangalia, akaitazama tairi, akazima injini. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi tutembee wote."

Sikuchonga tena.

Kwa hiyo nunua mpya, mama, yenye meno marefu ya kushika mchanga. Na ikishafungwa, mwombe muuzaji apande nyuma mzunguke mtaa kidogo. Akisema atatembea, mrudishie tairi yake.

Babu yako, anayekuombea kila ukiwasha pikipiki.