Buri Wamekwama Bandarini kwa Sababu Nimeolewa

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie. Nakuandikia nikiwa chumba cha kubadilishia nguo kiwandani, wenzangu wanakula chakula cha mchana, nami sijui nianze na furaha au na msiba, basi acha nianze na furaha maana ndiyo iliyoleta msiba: niliolewa miezi miwili iliyopita na Kohei, na laiti ungemwona Kohei, mume wangu (nalirudia, mume wangu!), ananichambulia miiba ya samaki kabla sijakaa vizuri mezani, na Desemba wakwe zangu walipeleka samaki wa buri mzima kwa wazazi wangu kuwashukuru kwa kulea bibi harusi mzuri, mama akalia mpaka barafu ya samaki ikayeyuka.

Siku tulipopeleka fomu ya ndoa niliacha kuitwa Ogushi nikawa Tsurumaru, Tsurumaru Chinatsu, nimejaza daftari zima kwa jina hilo, naye Kohei akanizawadia muhuri mpya wa pembe ya nyati wenye jina letu, letu sisi wawili.

Sasa kazi yangu ni nyaraka. Kiwanda chetu hapa Hirado kinagandisha minofu ya buri na kuiuza nje, na kila kontena husafiri na karatasi zake: cheti cha afya cha serikali, cheti cha asili, na tamko la kiwanda kwamba samaki ni salama, na tamko hilo hutiwa saini na muhuri na mtu mmoja tu ambaye jina lake na chapa yake viko kwenye orodha ya nchi inayonunua, na mtu huyo ni mimi, mwaka wa nne huu. Wiki niliyorudi kutoka fungate nikakuta kontena la tani kumi na nane linasubiri, na badala ya kufungua droo nichukue muhuri wa zamani nikatoa ule wa Kohei, nikaandika jina jipya, nikagandamiza, wino mwekundu ukatoka safi kabisa, nikaupiga picha nikamtumia, akanijibu kwa mioyo kumi na moja. Naapa sikufikiria kitu kingine.

Jumatatu ikaja barua kutoka bandari ya huko mbali: kwenye orodha yetu yuko Ogushi, huyu Tsurumaru ni nani? Kontena limezuiwa, zimebaki siku kumi na mbili, baada ya hapo samaki wanarudishwa au wanateketezwa, na mnunuzi huyo ndiye anayechukua zaidi ya nusu ya kazi yetu, na sisi tuko watu kumi na tisa.

Bosi wangu, Bwana Kuwahara, akaniita. "Bi Ogushi," akasema, "ah, samahani, Bi Tsurumaru. Unaona? Hata mimi sijui nikuite nani!" Akasema kubadilisha jina kwenye orodha huchukua miezi sita, ila njia ya mkato ipo. "Andikisheni talaka ya karatasi tu. Jina la zamani linarudi siku hiyo hiyo, unapiga muhuri tamko jipya, samaki wanatoka, mnaoana tena. Mnaendelea kulala nyumba moja, nani atajua? Shahidi wa kwanza mimi mwenyewe." Akanipa fomu ya talaka ya manispaa, ile yenye maandishi ya kijani, ameshatia saini yake. Mama Fukae wa upakiaji, aliyesikia yote mlangoni na wenzake, akadakia, "Bibi harusi, unaachika kwa ajili ya samaki! Mimi wangu nimemvumilia miaka thelathini, sijapata hata kontena moja la kisingizio!" Watu wakacheka, mimi nikakimbilia chooni.

Leo fomu ina siku ya tatu kwenye mkoba wangu. Kohei hajui kitu, jioni ananiuliza, "Samaki wetu wamefika salama?" nami namjibu wamefika. Nisipoijaza fomu watu wanakosa kazi kwa kiherehere changu cha mapenzi, na nikiijaza, nitamwekeaje mume wangu karatasi ya kuachana mezani nimwambie piga muhuri hapa? Nimekata tamaa, mshauri. Kila nikiliona jina langu naona kosa.

Chinatsu, Hirado

*

Binti yangu Chinatsu,

Futa machozi kwanza, halafu nikugombeze.

Tamko la kiwanda si kadi ya harusi. Anayelipiga muhuri anawaambia watu asiowajua kwamba wanaweza kula bila hofu, naye lazima awe yule yule waliyeonyeshwa. Ulilijua hilo miaka minne, ukalisahau kwa dakika moja ya mahaba. Pole sana, lakini kosa ni lako.

Bosi wako ana lake kubwa zaidi. Alitundika kiwanda kizima kwenye jina la mtu mmoja, je, ungeugua? Na ushauri wake ni wa hovyo. Hebu fikiri: tamko lilipigwa muhuri siku ambayo kisheria ulikuwa Tsurumaru. Ukiachika kesho, siku ile haigeuki. Utapeleka tamko la pili, jina jingine, samaki wale wale, na mkaguzi aliyekuwa na swali moja atakuwa na mawili. Wala hakuna talaka ya karatasi tu. Karatasi ndiyo talaka yenyewe. Kohei akipata ajali kabla hamjaoana tena, utasimama hospitalini kama nani?

Wameuliza Tsurumaru ni nani. Wajibu. Chukua nakala ya rejista ya familia inayoonyesha tarehe uliyobadili jina, itafsiriwe na kuthibitishwa, ambatanisha chapa za mihuri yote miwili na barua ya kiwanda inayokiri kosa. Barua hiyo aiandike Bwana Kuwahara, si wewe. Ipitie ofisi ya serikali iliyotoa cheti cha afya, na mnunuzi aombe kuongezewa muda huko kwake.

Siwezi kukuahidi kwamba itatosha. Siku kumi na mbili ni chache, na huenda samaki hao wakateketezwa. Ikiwa hivyo, utawakabili wenzako kwa aibu, lakini bila uongo mwingine juu yake.

Kohei mwambie leo, kabla ya chakula. Umemdanganya siku tatu katika ndoa ya miezi miwili. Akinuna, mwache anune. Kesho ofisi ya manispaa inafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Nendeni wawili, msimame dirisha la nakala za rejista, si lile la jirani yake, la fomu za talaka.