Firigisi ya Mzee Lumbasi

Dada yangu Rehema,

Salamu tele kutoka Kakamega, ambako mvua hunyesha kila alasiri kana kwamba imeajiriwa na serikali yetu mpya.

Unajua Mfuko wetu wa kusomesha wasichana umenikabidhi kazi ya kuwabembeleza wafadhili. Basi jana nilikwenda Khayega kwa Mzee Lumbasi, mwenye duka kubwa, kumwomba mabati ya bweni la wasichana wa shule yetu ya Shinyalu, maana mpaka sasa wanalala sakafuni darasani. Mkewe akatuandalia obusuma na ingokho, yaani sima na kuku. Nami kwa njaa yangu nikachovya mkono mchuzini, nikaibuka na firigisi, nikaitafuna yote.

Mzee akaweka tonge chini.

"Mama," akasema, "hiyo inakulwanga na mwenye boma peke yake."

Dada, nilitamani ardhi ipasuke. Niliyaona mabati yakipeperuka. Nikaomba radhi hadi maneno yakaniishia. Mara mkewe akaangua kicheko mlangoni.

"Miaka yote hii naipika tu, sijaionja! Iko tamu?"

"Tamu sana," nikakiri.

Mzee akamtazama mkewe, akanitazama mimi, kisha akacheka hadi akajifuta machozi.

"Haya. Mwenye boma ameomba mabati. Mimi ni nani nimkatalie?"

Asubuhi hii lori lake limeyafikisha Shinyalu, na wasichana wameyapiga kama ngoma.

Usimwambie Mama, atasema hakunilea hivyo. Nibusie watoto, na Mungu awafunike.

Mdogo wako mlafi,
Eliza