Majibu ya Mtu Mwingine

Jumatatu, 3 Machi

Maabara nzima imecheka leo. Kompyuta imesema mzee mmoja, mlinzi mstaafu, ana mimba! Mama Darubini, mpimaji wetu mkongwe, akasema mzee awahi nyumbani akampe mkewe habari njema. Nami nikacheka. Halafu nikaangalia orodha ya waliopimwa. Lile lilikuwa jibu la binti aliyepimwa nyuma yake.

Nikafungua skripti, ile programu fupi inayochukua majibu kutoka kwenye mashine ya kupimia. Kazi ya Bosi mwenyewe, ile anayojisifia. Hasira! Mashine ina maktaba yake ya C, yaani programu iliyotoka nayo kiwandani. Ukiiuliza jibu, haikupi jibu — inakupa pointa, yaani anwani ya mahali jibu lilipo. Skripti ya Bosi, aliyoiandika kwa Python, inaweka hiyo anwani mfukoni, eti itakwenda kusoma baadaye. Baadaye! Foleni ikijaa, mashine inakuwa imeshaandika jibu la mgonjwa mwingine palepale. Nyumba ileile, mpangaji kahama. Dawa yake: nakili jibu hapohapo. Mistari miwili. Miwili tu!

Jumanne, 4 Machi

Nimempelekea Bosi hiyo mistari miwili. Hakuinua hata macho. Kinachofanya kazi hakiguswi, anasema. Na Ijumaa kuna wageni kutoka makao makuu. Kosa ni la wapimaji, wanabandika lebo ovyo. Mama Darubini yuko palepale mlangoni anasikia!

Nikamwambia, "Bosi, yule mzee hana mimba."

Eti nina mdomo.

Nimerudi mezani, nywila yangu haifanyi kazi. Kanifungia nje! Mimi niliyeajiriwa kutunza kompyuta hizohizo. Mjinga. Mjinga mwenye tai.

Jumatano, 5 Machi

Sina hamu ya kuandika. Mume wangu anasema nimeze tu, kazi ni kazi. Nimemwambia ameze yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Jana tulimwambia mama mmoja, muuza nguo, kwamba sukari yake iko sawa. Leo ameletwa mgongoni kwa mwanawe, hajitambui. Mama Darubini akapima kwa mkono — sukari iko juu mno. Daktari akaitazama karatasi yetu ya jana. Akanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Nikakimbia kwa Bosi. Anasema kesho, wageni wakishaondoka, "tutaliangalia." Kesho! Na foleni imefika nje!

Nimeingia chumba cha mashine, nimechomoa umeme, nimefunga mlango kwa ndani. Naandika nimekaa sakafuni. Hasira. Sawa, na woga kidogo.

Bosi anagonga. Nimefukuzwa kazi. Sasa ananibembeleza, dada yangu, fungua tuongee. Mimi na yeye udugu umeanza lini? Sasa nimefukuzwa tena.

Huko nyuma yake namsikia Mama Darubini. Anawaambia wagonjwa leo tunapima kwa mkono, mwenye hali mbaya apite mbele, wengine wavumilie. Mtu anauliza kwani kuna nini. Bosi anasema ni hitilafu ndogo ya umeme.

"Umeme gani?" anafoka Mama Darubini. "Mashine inawapa watu majibu ya wenzao!"

Kugonga kumekoma.

Halafu sauti ya mwanamume nisiyemjua. Haipandi, haishuki. Anauliza: na yale aliyopewa yeye wiki iliyopita, yalikuwa ya nani?

Anauliza tena — naweka kalamu chini, naenda kufungua mlango.