Ng'ombe Watoke Zizini Kwanza

Kaloleni, Kisumu
3 Februari 2024

Kwako Maryanne binti yangu,

Habari ya Nakuru na baridi yake? Sisi tuko wazima. Mama yako mdogo Jacinta anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza bado iko na nguvu. Usinipigie simu. Nilikuwa ufuoni Dunga nikisaidia watu kuvuta mbuta mkubwa kama kochi, simu ikateleza, samaki akaimeza. Nikipiga namba yangu, bado inaita! Kwa hivyo naandika, na Simiyu wa lori la sukari atakuletea.

Sasa kaa chini. Pesa ya miwa yetu ya Muhoroni imelipwa. Jacinta anataka kinu cha kusaga unga. Mimi nimeona mbali zaidi. Pale Mamboleo kuna kijana anaitwa Byron, suti mpaka miguuni, anazidisha pesa za watu mara mbili kwa miezi mitatu. Mimi ananiita Mwekezaji. Mwisho wa mwezi nampa zote. Wewe unafanya kazi sacco, kwenye chama cha akiba na mikopo, nieleze haya maneno yake: mtaji, riba, bondi, hisa, gawio. Mengi nayajua. Shule niliacha darasa la saba kwa hiari yangu, mwalimu akalia.

Baba yako mdogo,
Ondiek


Nakuru
10 Februari 2024

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo, na pole kwa simu. Mama Mdogo anywe tangawizi. Mimi ni mzima, ila barua yako imenitia wasiwasi.

Mtaji ni pesa unayoanzia. Kwako ni jasho la miwa yote ile. Ukimkopesha mtu, anachokulipa kwa kutumia pesa yako ni riba. Ukiikopesha serikali, hiyo ni bondi, na riba huja kila miezi sita. Hisa ni kipande cha kampuni. Ikipata faida unaweza kupata mgao, ndio gawio. Ikianguka, unaanguka nayo. Faida kubwa huja na hatari kubwa, na anayekuambia hakuna hatari kabisa, mkimbie. Muulize Byron hizo pesa zinazaa wapi. Tafadhali Baba, usiweke zote mahali pamoja. Hata kinu cha Mama Mdogo ni uwekezaji.

Binti yako,
Maryanne


Kaloleni
2 Machi 2024

Maryanne, nyathina, mwanangu,

Amani kwako. Huku tunapumua. Jacinta ameacha kukohoa, sasa ananicheka tu.

Barua yako niliisoma nikakuta umeandika yale yale niliyokuwa nawaza. Nikaenda Mamboleo na pesa, Jacinta nyuma yangu kama askari. Ofisi imejaa. "Karibu Mwekezaji!" Nikamuuliza Byron pesa zinazaa wapi. Akanijibu Kiingereza kirefu kama treni.

Sasa, unajua mahari ikipelekwa popote, mimi ndiye huitwa kukagua. Ng'ombe hatuwapokei wakiwa wamelala zizini. Wanatolewa nje, watembee, tuone nani anachechemea. Nikamwambia, "Bwana Byron, Mama Rosa huyu alikupa pesa Novemba. Miezi mitatu imeisha. Mtolee hapa, tuone zikitembea."

"Mzee, leo mtandao umepotea."

"Basi mtolee mtaji wake tu."

"Mzee, unanivurugia wateja!"

"Sivurugi. Nakagua ng'ombe."

Mama Rosa akasimama: "Hata mimi nataka kuwaona!" Wote wakasimama. Watu elfu mbili, Maryanne, ingawa Jacinta anasema ishirini. Byron akapitia mlango wa nyuma, akaacha koti. Vijana wa bodaboda wakamkamata, sasa yuko kwa polisi, na sehemu ya pesa za watu imepatikana. Zetu zilirudi nyumbani kwa mkoba wa Jacinta. Mimi nilibebwa juu mpaka barabarani.

Baba yako mdogo,
Ondiek, Mkaguzi


Kaloleni
14 Oktoba 2024

Kwako Maryanne,

Habari za siku nyingi? Kimya changu ni cha kazi, si cha ugonjwa. Kinu cha Jacinta kinanguruma mpaka Mamboleo wanasikia. Pesa iliyobaki tuliiweka kwa bondi, kama ulivyosema, yaani kama nilivyokuwa nawaza. Ilienda polepole nikadhani imekufa. Wiki jana riba ya kwanza ikatoka zizini, ikatembea mpaka kwa akaunti bila kuchechemea.

Inatosha simu mpya. Nilienda dukani nikaishika, inang'aa. Nikaiuliza gawio lake ni nini. Ikazidi kung'aa tu. Nikairudisha, nikaenda kununua hisa za sacco. Umeniharibu, mtoto wangu.

Kwa hivyo endelea kuandika. Na yule mbuta akikupigia kwa namba yangu, akuahidi kuzidisha pesa zako mara mbili, mwambie atoe ng'ombe kwanza.

Baba yako mdogo,
Ondiek