Mkunjo kwenye Paji la Uso Wako

Mama yetu Watiri, mwaka umezunguka tangu tukuzike hapa Tetu, Machi 1973, na bado hatujatulia.

Ulikuwa mtu wa kucheka. Mgeni hakutoka kwako bila uji, na ulipokamua ng'ombe uliwasimulia mambo ya majirani. Ndiyo maana ile picha imetusumbua hivi.

Aliichora Mwalimu Ogutu, mpangaji wetu kutoka Kisumu, kabla hujaugua. Alikuomba uvue kitambaa, ukakubali kwa shida. Sisi watoto hatukuwahi kukuona kichwa wazi. Umekaa dirishani, mkono mmoja umefumbwa, macho yako yanatazama nje, na mkunjo mweusi umekata paji la uso.

Tumeibishania mwaka mzima. Wachuka anasema macho yale yanamngoja Mathenge arudi kutoka chuoni. Mathenge anasema mkono ule umeficha neno. Tulikubaliana juu ya mkunjo tu: ulikuwa umekasirika, na tulijua ni nani aliyekukasirisha. Tangu Uhuru Baba alikuwa akikuahidi mkokoteni wa punda wa kubebea maji na kuni, na haukuja. Picha ilipotundikwa, aligeuza kiti chake akaipa mgongo. Tuliogopa, Mama. Tuliogopa kwamba uliondoka na kinyongo. Hata Mwalimu tulipomuuliza alisema alichora hasira aliyoiona. Kwao akina mama hubeba mizigo kichwani.

Jumapili iliyopita dada yako Kabura alikuja kutoka Kerugoya kwa maombi. Aliitazama picha, akacheka, kisha akavua kitambaa chake. Paji lake lina bonde lile lile, pale mkanda wa mzigo wa mgongoni unapokaa.

"Ati hasira? Hii ni mkanda ya kuni. Sisi wote tuko nayo."

Tulishusha pumzi. Wachuka alilia kwa furaha. Tukamwambia Baba ageuze kiti, hukuwa na kinyongo naye.

Hakugeuza.

"Mimi nilijua ni mkanda," akasema. "Heri ingekuwa hasira. Hasira inaisha."

Unakumbukwa na mume wako Wamae, watoto wako Wachuka na Mathenge, dada yako Kabura, mpangaji wako Mwalimu Ogutu, na akina mama wote wa kanisa uliokuwa ukienda nao msituni kutafuta kuni.

Tutakukumbuka siku zote, Mama.